Mbwa Hafi Maji

Ewe msomaji, ikiwa umezaliwa katika vilima vya Kisii au Nyamira, huna haja ya kuambiwa kwamba watu wa kwetu hawana urafiki mkubwa na maji. Maji tunayo, tena tele. Mvua hutunyeshea karibu kila mwezi wa mwaka, chemchemi hububujika chini ya migomba, na ni nadra kuona bonde lisilokuwa na kijito chake. Mto Gucha, ambao majirani zetu walio karibu na ziwa huuita Kuja, huanzia katika vilima vya Kiabonyoru huko Nyamira, hupita Kisii, huingia Migori, na kumwaga maji yake katika Ziwa Viktoria. Walakini ziwa letu wenyewe hatuna, bahari hatuna, na mito yetu ni myembamba, ina haraka na matope. Twateka maji, twafua nguo, twavuka, twaenda zetu. Kuogelea tumewaachia watu wa pwani na watu wa ziwa, kama wao walivyotuachia sisi kuchuma chai.

Mbwa naye tumemweka mbali kidogo. Sisemi ya kuwa hatumfugi. Maboma mengi yana mbwa wake, ambaye kwa lugha yetu ya Ekegusii huitwa esese. Lakini aghalabu mbwa wa kwetu ni askari asiye na mshahara. Hulala nje penye baridi, hula makombo ya ugali ikiwa yamebaki, akibweka usiku husifiwa kimoyomoyo, na akijipitisha karibu na jiko mchana hupigwa teke la wazi. Mtoto wa kwetu hujifunza kumwokotea jiwe mbwa asiyemjua kabla hajajifunza kuandika jina lake mwenyewe. Mimi nilikuwa mtoto wa namna hiyo, na jiwe moja nililolirusha ndilo sababu ya insha hii. Nitalifikia.

Katika likizo ya Desemba 2024 kijana mmoja wa kijijini kwetu alirudi nyumbani kutoka Kilifi. Alikuwa amefanya kazi huko miaka sita, katika hori ya Kilifi, akiwaongoza wageni juu ya maji. Alishuka kutoka pikapu ya rafiki yake na mizigo iliyowafanya wanawake wa sokoni waache kuhesabu ndizi zao: mikoba miwili mikubwa kama magunia, makasia marefu matatu, na mbwa wawili waliofungwa kamba laini shingoni.

Watu walicheka. Mzee mmoja aliuliza kama huko pwani mbwa ndio wavutao mashua. Kijana alicheka pamoja nao, kisha akafungua mkoba mmoja, akatoa kitu kilichokunjwa kama mkeka wa mpira, akakitia pampu. Baada ya dakika kumi hivi mkeka ule ulivimba, ukajinyosha, ukawa ubao mgumu wenye urefu wa mita 3 na zaidi, upana wa sentimita 80 na unene wa sentimita 15. Huu, alisema, ni ubao wa kasia. Mtu husimama juu yake, hushika kasia moja refu, hujisukuma mwenyewe. Hauna injini wala tanga.

Alikuwa amepata ruhusa ya mwenye bwawa moja lililo kati ya mashamba ya chai upande wa Nyamira, akataka kuwafundisha wanafunzi wa kijiji bila malipo. Alinijia mimi kwa kuwa ni mwalimu wa fizikia, akaniomba nimtafutie watoto na nifuatane nao. Watoto nilimwahidi. Kufuatana nao hadi ukingoni nilimwahidi vilevile.

"Na juu ya ubao, Mwalimu?"

Nilimjibu kwamba umri wangu hauniruhusu. Nilikuwa na miaka 39.

Usidhani, msomaji, kwamba kusimama juu ya maji na kujisukuma ni jambo la jana. Kijana aliniambia ya kuwa alipoanza kazi yake Kilifi, wazee wavuvi walimtazama sana, wakamuuliza jipya ni lipi. Mvuvi wa pwani ya Waswahili, akiwa katika maji ya kina kifupi, husimama ndani ya mtumbwi wake, hutwaa upondo, yaani mti mrefu, akaukita chini na kuusukuma mtumbwi mbele; na babu zake walifanya hivyohivyo. Mchezo wenyewe kwa sura yake ya leo umetoka mbali zaidi, katika visiwa vya Hawaii. Huko ufukweni Waikiki, katika miaka ya 1940 na 1950, vijana waliowafundisha wageni kupanda mawimbi walizoea kusimama juu ya mbao zao ndefu na kupiga kasia, wapate kuwaangalia wanafunzi wao na kuyaona mawimbi yakija. Mwanzoni mwa karne hii watu wachache wa huko, mmoja wao Laird Hamilton, waliufufua, ukaenea ulimwenguni hata ukafika Kilifi, Diani na Watamu. Kwamba ungepanda mpaka kwenye chai yetu sikutazamia.

Nilistaajabia mbwa kuliko ubao. Mmoja aliitwa Bahati, jike mweusi mwenye sikio moja zima na jingine nusu. Aliokotwa akiwa mtoto ndani ya boksi penye kituo cha mabasi. Wa pili aliitwa Kovu. Alikuwa wa rangi ya kahawia, na mgongoni mwake, kuanzia bega mpaka kiunoni, hapakuwa na unywele hata mmoja, bali ngozi ya waridi iliyokunjamana kama karatasi iliyoponea moto. Aliingia jikoni mwa mkahawa kutafuta chakula, mtu akammwagia sufuria ya maji yaliyokuwa yakichemka. Kijana alimkuta mtaroni siku ya tatu. Katika nchi yetu iko jumuiya ya kuwalinda wanyama, KSPCA, ambayo mwanzo wake ni mwaka 1910, na kazi yake mojawapo ni kuwapokea mbwa wa namna hii na kuwatafutia watu wa kuwatunza. Kijana wetu hakupitia huko. "Hawa sikuwanunua wala sikupewa," alisema. "Niliwapata njiani, na walikuwa njiani kwangu."

Wazazi hawakuogopa maji tu. Mama mmoja alisema wazi kwamba binti yake hatapanda chombo kimoja na mbwa asiyejulikana, nami sikumlaumu. Kichaa cha mbwa ni ugonjwa wa kweli. Nchini Kenya ulithibitishwa mara ya kwanza mwaka 1912, kwa mbwa mmoja karibu na Nairobi, na haujatutoka. Mwaka 2014 serikali ilianza mpango wa kukomesha vifo vya watu vinavyotokana na ugonjwa huo wa mbwa ifikapo 2030. Dalili zake zikisha kumtokea mtu, kupona ni kama hakuna. Lakini akiwahi chanjo kabla ya dalili, huokoka, kama alivyookoka mtoto wa Kifaransa Joseph Meister, aliyechanjwa kwa njia ya Louis Pasteur mjini Paris mnamo Julai 1885. Nawe ukiumwa na mbwa, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo; usikae ukingoje kuona mbwa atafanya nini. Kijana alitoa kadi mbili zenye mihuri ya daktari wa mifugo, akazipitisha mkono kwa mkono. Mama yule alizisoma mbele na nyuma, akauliza kama mbwa wake naye angeweza kuchanjwa, na ni wapi. Binti alipata ruhusa.

Sasa nieleze kwa nini mimi sikutaka kupanda.

Kuanzia Oktoba 1997 nchi yetu ilipata mvua kubwa za El Niño, zilizoendelea hata mwanzo wa 1998, zikavunja madaraja na kuharibu barabara katika sehemu nyingi za Kenya. Nilikuwa darasa la sita. Kati ya nyumba zetu na shule palikuwa na kijito ambacho siku za kiangazi tulishindana kukiruka, na juu yake lilikuwa limelazwa gogo la mkaratusi kuwa daraja. Nilikuwa na rafiki tuliyeketi dawati moja. Jina lake sitalitaja, kwa kuwa mama yake yu hai, na jina hilo ni lake yeye kulitaja au kutolitaja. Rafiki yangu alikuwa na mbwa mdogo, mwekundu, mwenye mkia uliojikunja. Mbwa huyo alimsindikiza mpaka kwenye gogo kila asubuhi, akarudi nyumbani, na alasiri akaja kumngoja papo hapo. Tulimcheka rafiki yetu, tukisema ana mlezi.

Siku moja ya Novemba tulitoka shule mvua ingali ikinyesha. Kijito hakikuwa tena kijito. Maji mekundu yalikuwa yakipita shibiri moja tu chini ya gogo, yamebeba matawi na migomba iliyong'oka na mizizi yake. Mbwa alikuwa ng'ambo, amelowa, anatungoja. Nilivuka mimi kwanza. Rafiki yangu alikuwa nyuma yangu, viatu vyake mkononi. Nilisikia mbwa akilia, nikageuka, nikaliona gogo tupu.

Mbwa aliruka. Hilo nililiona kwa macho yangu. Alijitupa katika maji yale bila kusita, kama mtu aliyeitwa, na kichwa chake kikaonekana mara mbili kikielekea mahali palipokuwa na shati jeupe; kisha shati na mbwa vyote vikapotea penye kona. Nilipiga kelele. Watu walikuja mbio, na hakuna hata mmoja aliyejua kuogelea. Wanaume watano walisimama ukingoni na kamba, wenye nguvu na wenye huruma, na maji yakapita mbele yao.

Rafiki yangu alipatikana siku ya pili, mbali sana upande wa chini. Mbwa alirudi jioni ileile, amejaa tope, akichechemea. Walikuwapo watu waliosema kwamba mbwa aliyekwenda wawili akarudi peke yake amerudi na mkosi, akafukuzwa kwa mawe. Nami nilikuwa miongoni mwa waliorusha. Jiwe langu lilimpata ubavuni. Hakubweka. Alinitazama, kwa maana alinijua vizuri, akageuka, akaingia katika migomba.

Wiki iliyofuata nilipelekwa kwa mjomba wangu mjini Kisii kuendelea na masomo, na habari za mbwa yule sikuziuliza tena. Nilikua, nikajifunza kanuni ya Archimedes, nikaifundisha kwa chaki miaka 14. Na katika miaka hiyo yote sikuutia mwili wangu katika maji yaliyopita magoti. Shirika la Afya Duniani limekadiria ya kuwa katika mwaka 2021 peke yake watu 300,000 walikufa maji ulimwenguni, na karibu nusu yao walikuwa hawajatimiza miaka 30. Umoja wa Mataifa umeitenga tarehe 25 Julai ya kila mwaka kuwa siku ya kuwakumbusha watu jambo hili. Mimi nilikuwa na tarehe yangu, nayo haikunisaidia kujifunza chochote ila kukaa mbali.

Tulikwenda bwawani asubuhi, wanafunzi watano, kijana, mbwa wawili na mimi. Ukungu ulikuwa haujaondoka juu ya chai, na bwawa lilikuwa limetulia kama maziwa ndani ya kibuyu. Kijana alimwuliza mwenye bwawa maswali mengi kuliko nilivyotazamia: kina chake ni kiasi gani, chini pana miti au nyaya, maji huingilia wapi na kutokea wapi, maofisa wa afya wamesema nini juu ya konokono na kichocho. Aliporidhika ndipo alipofungua mikoba. Nilimwona kwa mara ya kwanza si mchekeshaji wa sokoni bali mtu mwenye kazi yake.

Kisha alitoa masharti. Kila mtu avae koti la kuokolea maisha na kufunga vifungo vyote, hata yule atakayebaki ukingoni. Ubao usiende mbali kuliko sauti ya mtu inavyofika. Mwanafunzi apige magoti kwanza katikati ya ubao, apige kasia kulia na kushoto mpaka ubao umtii. Halafu asimame polepole, mguu mmoja na wa pili, akiviacha wazi kiasi cha upana wa mabega, magoti yakiwa laini. Macho yatazame ng'ambo. Anayeitazama miguu yake, alisema, huifuata.

"Na neno la mwisho," akasema. "Mtu akianguka, asimshike mbwa. Atamzamisha. Watu husikia mbwa wa kuokolewa, wakadhani ni mbwa wa kuokoa. Hawa wameokolewa. Hawakufundishwa kumwokoa mtu."

Mbwa waokoaji wapo. Huko Italia iko shule iliyoanzishwa mwaka 1989, ambayo huwafundisha mbwa wakubwa wa jamii ya Newfoundland, na wengineo, kuruka majini kutoka katika mashua na hata kutoka katika helikopta, wakamvuta mtu hadi nchi kavu. Mbwa hao wana miili mikubwa, manyoya mazito yafaayo majini, na mafunzo marefu pamoja na waongozi wao. Mbwa wa rafiki yangu hakuwa na chochote katika hayo. Nilipokuwa nimeketi juu ya nyasi zenye umande, hesabu hiyo ilinijia bila kuitwa: mnyama mdogo wa kijijini, aliyelishwa makombo, alijitupa katika mafuriko ambayo wanaume watano wenye kamba hawakuthubutu kuyaingia, na sisi tulimpiga mawe kwa sababu hakuyashinda.

Wanafunzi walipanda. Sitakuchosha kwa habari za kila mmoja. Binti wa mama yule wa kadi alisimama mapema kuliko wote, na Bahati akakaa mbele yake, kifua mbele, kama nahodha anayekagua forodha. Mvulana mmoja mwenye maneno mengi alianguka mara nne, na kila alipoanguka Bahati aliinama ukingoni mwa ubao kumnusa kichwa, kana kwamba anahakikisha kuwa ni yeye yule. Nao mbwa walivaa makoti yao madogo yenye mshikio mgongoni, ili mtu aweze kuwanyanyua wakichoka. Kwani si kila mbwa aogeleaye huogelea mwendo mrefu, na wengine wenye miguu mifupi na vichwa vizito huzama upesi.

Kovu hakupanda na mtu yeyote. Alikuja akaketi kando yangu, si karibu sana, umbali wa mkono. Nilitazama mgongo wake. Nikanyosha mkono ukafika nusu ya njia ukasimama, naye akaimaliza nusu iliyobaki.

Nilisimama nikaomba koti.

Kabla ya kupanda nilifanya hesabu yangu, kwa maana mwalimu akiwa na hofu hukimbilia somo lake. Ubao wenye vipimo nilivyovitaja, ukitoa ncha zake zilizochongoka, una ujazo wa lita 300 hivi. Kila lita ya maji inayosukumwa kando huinua uzito wa kilo moja. Mimi nilikuwa na kilo 72, Kovu kilo 18, ubao na kasia kilo 10. Jumla kilo 100. Basi theluthi moja ya ubao ingezama, na theluthi mbili zingebaki juu. Hesabu ilikuwa sahihi. Nilikuwa nimeiandika mara nyingi ubaoni, kwa chaki nyeupe, juu ya ubao mweusi usiotikisika. Ubao huu wa pili ulitikisika.

Nilipiga magoti. Kovu aliruka akakaa mbele yangu, na pua ya ubao ikashuka kidogo kisha ikatulia. Maji yalikuwa pande zote, baridi, meusi kwa kina, na masikioni nilisikia maji mengine mekundu. Nilitaka kurudi. Lakini mbwa alikuwa ametazama ng'ambo, masikio yamesimama, mgongo wake ulioungua ukipanda na kushuka kwa pumzi, wala hakugeuka nyuma kuniangalia kama ninaogopa. Nilipiga kasia kulia, nikapiga kushoto. Ubao ulikwenda. Nilipofika katikati niliweka mguu mmoja, nikaweka wa pili, nikanyoka.

Ndugu msomaji, kutoka juu ya maji vilima vya kwetu huonekana vingine. Nimeishi kati ya chai hii maisha yangu yote, na sikuwa nimejua kwamba mistari yake hushuka mpaka chini na kujiandika tena ndani ya bwawa. Nilisimama hivyo labda dakika mbili. Kisha ndege mweupe aliruka kutoka kwenye matete, Kovu akageuka ghafula kumtazama, ubao ukainama, nami nikafanya lile nililoonywa: niliitazama miguu yangu.

Maji yalinifunika. Nilikunywa funda moja lenye ladha ya udongo, na kwa muda ambao sina kipimo chake nilikuwa na miaka kumi na miwili. Halafu koti likanivuta juu kwa nguvu, kama mzazi aliyekasirika, nikatoka kichwa na mabega, nikapumua. Kovu alikuwa majini pia. Mkono wangu ulimwelekea wenyewe. Niliurudisha. Hilo naliona mpaka leo kuwa ndilo tendo langu la maana katika siku hiyo, ingawa hakuna aliyeliona. Mbwa alinizunguka mara moja, pua juu, akihema; akaona ukingo, akaushika uelekeo wake. Waswahili husema mbwa hafi maji akiona ufuko. Nilipiga miguu nikamfuata. Kijana alikuwa ameshafika kwa ubao wa pili na kunyosha kasia nilishike, lakini aliponiona ninavyokwenda alilirudisha, akaja kando yangu taratibu bila kusema neno, mpaka miguu yangu ilipogusa tope.

Wanafunzi walipiga makofi. Mvulana wa maneno mengi aliniuliza kama Archimedes naye alianguka.

Tulirudi kwa miguu alasiri. Njia ya kwetu inapita penye kijito kile. Sasa pana daraja la saruji lenye vyuma pembeni. Hatua chache kupita daraja ni nyumba ya mama wa rafiki yangu. Kwa miaka mingi nimekuwa nikimwamkia kutoka njiani. Siku ile nilimwambia kijana anisubiri, lakini Kovu hakujua kusubiri, akaingia uani mbele yangu.

Mama alikuwa ameketi barazani anachambua maharagwe. Alimtazama mbwa, akautazama mgongo wake.

"Huyu amechomwa na nani?"

Nilimweleza. Alitikisa kichwa akaendelea kuchambua. Nguo zangu zilikuwa bado zimelowa, naye hakuniuliza.

"Mama," nilisema, "yule mbwa wenu. Siku ile aliporudi. Mimi nilimpiga jiwe."

"Najua, mwanangu. Mlimpiga wote." Alitoa jiwe dogo kati ya maharagwe, akalitupa uani. "Alirudi usiku. Nilimsikia akikwaruza mlango. Baba yao alitaka kumfukuza, nikamwuliza, huyu aliingia majini, wewe uliingia? Akanyamaza. Nikampa uji wa wimbi. Alilala ndani, chini ya kitanda cha mwanangu, miaka saba."

Sikuweza kusema kitu. Kijana alikuwa amefika mlangoni mwa ua na Bahati, amevua kofia.

"Huyu wako hunywa uji?" mama alimwuliza.

"Hunywa, mama."

Aliweka ungo chini, akajiinua kwa kushika nguzo ya baraza, akaenda jikoni. Kovu alimfuata hadi kizingitini, akasimama, mguu mmoja wa mbele juu, asiuteremshe. Kwa maana jikoni ndiko alikopatia kovu lake.

"Pita," mama alimwambia.